Muulize Fundi: Nataka cheti cha umeme, ila kazi siwezi kuacha

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja. Mtu ana kazi, ana familia, anaupenda umeme, na hana nafasi ya kukaa chuoni kutwa nzima kwa miaka miwili au mitatu. Nimechagua nne. Nimezipunguza urefu, lakini maneno ni ya wenyewe.

Shikamoo Mama. Nina miaka 31, naishi Kahama. Nilimaliza kidato cha nne nikapata daraja la nne, nikaanza kama saidia fundi kwenye wayaringi za nyumba. Huu ni mwaka wa saba. Nyumba nzima naimaliza mwenyewe, kuanzia kutindua ukuta hadi kufunga meni swichi, lakini fomu ya TANESCO anagonga mhuri mtu mwingine na hela ya maana anachukua yeye. Wateja wengine wananiita kishoka (fundi asiye na leseni). Nina mke na watoto watatu, chuo cha kutwa siwezi. Je, naweza kusoma kwa mbali au jioni hadi nipate cheti na leseni yangu mwenyewe?

Marahaba mwanangu. Njia ipo, na wewe uko mbele kuliko unavyodhani.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo mafundi wengi wa mtaani huvichanganya wakapoteza hela: cheti na leseni. Cheti kinasema umejifunza na umepimwa. Kwa Tanzania Bara unakipata kupitia VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, na vyuo vingine vya ufundi stadi vilivyosajiliwa na NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi. Leseni inasema unaruhusiwa kufunga umeme kwenye jengo la mtu na kuweka sahihi yako kwamba ni salama. Hiyo hutolewa na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, nayo ina madaraja kulingana na ukubwa wa kazi unayoruhusiwa kufanya. Ukipata cheti leo, kesho bado huna mhuri. EWURA watataka kuona cheti chako na uzoefu wako, na uzoefu wanaouhesabu ni ule ulioandikwa na kuthibitishwa na mtu anayejulikana.

Hapo ndipo ulipokwama. Miaka saba unayo mikononi, ila kwenye karatasi ni ya huyo mwenye mhuri.

Ndiyo maana ushauri wangu kwako, na ni huo huo nitakaowapa wenzako hapa chini, ni kwamba utafute msimamizi kabla hujatafuta kozi. Nadharia inaweza kukufuata nyumbani, kwenye kitabu au kwenye simu, usiku watoto wakishalala. Kazi iliyosimamiwa haiji kwa simu. Lazima uifanye mahali, mbele ya mtu mwenye leseni, naye akubali kuandika kwamba aliiona.

Mimi sikusoma chuo cha kutwa. Niliingia kiwanda cha nguo Mwanza kama kibarua wa karakana ya umeme, mwanamke pekee kati ya mafundi, nikafanya majaribio ya ufundi ya wakati ule, gredi ya tatu, ya pili, kisha ya kwanza, huku naingia zamu kama wengine. Aliyenivusha ni fomeni wangu. Kila kazi niliyomaliza alikuja kuipima kwa mkono wake, akaniuliza kwa nini nimechagua waya ule na si mwingine, ndipo akaweka sahihi kwenye daftari langu. Nilipofika kwenye mtihani nilikuta maswali ambayo nilishaulizwa karakanani mara nyingi. Baadaye nilifundisha madarasa ya jioni, na haikuchukua muda kutambua ni mwanafunzi yupi ana fomeni wa namna ile na yupi anabahatisha peke yake saiti.

Basi anza na huyo anayegonga mhuri. Usiende kwa ugomvi. Mwambie: kaka, mimi nataka kusajiliwa, naomba kazi zangu uzisimamie kweli, uje saiti siku ya kupitisha waya na siku ya kupima, na uniwekee sahihi kwenye daftari. Jina lake ndilo lililo kwenye fomu ile. Nyumba ikiungua ataulizwa yeye, kwa hiyo kuja saiti ni faida yake pia. Akikataa, mwache, tafuta mkandarasi mwingine mwenye leseni hata kama atakulipa kidogo kwa mwaka mmoja. Mwaka mmoja wenye sahihi utakufaa kuliko mitatu mingine isiyo na ushahidi.

Daftari lenyewe liwe gumu, la kurasa zenye namba. Kila kazi andika tarehe, mahali, aina ya jengo, saketi ngapi, kebo za unene gani, sakiti breka za ampea ngapi, athi (njia ya umeme kwenda ardhini) umeifungaje, na majibu ya vipimo. Chini yake jina la msimamizi, namba ya leseni yake na sahihi. Piga picha mabomba na boksi kabla fundi mwashi hajapiga plasta, maana baada ya hapo hakuna atakayeona ulichofanya. Na tafadhali, kuanzia leo usimalize nyumba yoyote bila mwenye leseni kuipima. Najua utapoteza wateja wawili watatu. Lakini kufunga umeme bila leseni ni kosa kisheria, na zaidi ya sheria, kuna mama na watoto watakaolala humo ndani.

Sasa kozi. Kwa mtu kama wewe mlango wa kwanza kuugonga ni urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambao VETA wamekuwa wakiufanya kwa mafundi waliojifunzia kazini. Hauanzi sifuri. Unapimwa unachojua, unafundishwa panapopungua, kisha unapewa cheti. Upimaji huenda kwa awamu na kwa fani, kwa hiyo nenda ana kwa ana kwenye chuo cha VETA cha mkoani kwenu, omba kuonana na wanaoshughulikia urasimishaji, na uandikishe jina kwa fani ya umeme. Beba daftari lako na barua ya msimamizi.

Nikuambie mapema mafundi wa mtaani huanguka wapi, maana nimewafundisha wengi. Kutindua, kupitisha bomba, kufunga boksi na soketi wanawashinda hata wahitimu. Ukiwapa ramani ya jengo wasome, wanasita. Ukiwauliza kwa nini soketi zimefungiwa kebo ya milimita 2.5 na taa 1.5, jibu ni “ndivyo tunavyofanya”. Ukiwapa mega wapime kama waya zinavujishiana, wengi hawajawahi kuishika. Na kwenye athi ndiko hali ni mbaya zaidi: waya wa kijani na njano umefika hadi kwenye meni swichi, ukifuata unakokwenda nje ya ukuta, hauendi popote. Nimeziona nyumba za namna hiyo, nyumba nzuri zenye marumaru, na mwenye nyumba hajui kwamba jokofu lake likivujisha umeme ni mwili wake ndio utakaokuwa njia ya kwenda ardhini. Jifunze hayo manne kabla hujapimwa.

Mlango wa pili ni kozi za jioni. Vyuo vya VETA, Chang'ombe kwa mfano, na vyuo binafsi hufundisha kozi fupi kwa watu wanaofanya kazi. Hapa kuna swali moja la kuuliza dirishani kabla hujatoa shilingi: “Nikimaliza kozi hii nitafanya mtihani wa NVA, na wa ngazi ipi?” NVA ni tuzo za taifa za ufundi stadi, nazo zina ngazi tatu, ya I, ya II na ya III, na ukifika ya III mlango wa vyuo vya ufundi wa juu unaweza kufunguka. Kozi fupi nyingine zinakupa cheti cha kuhudhuria tu. Cheti hicho kina faida yake, lakini usikilipie ukidhani ni NVA.

Kusoma kwa mbali kabisa umeuliza, nami nakujibu kwa mfano. Mwaka 2016 VETA na Airtel Tanzania walianzisha VSOMO, programu ya simu yenye kozi fupi za ufundi, umeme wa majumbani ukiwamo. Nadharia ilisomwa kwenye simu, popote ulipo. Halafu? Mwanafunzi alitakiwa kufika kituo cha VETA kufanya vitendo ndipo apewe cheti. Waliobuni kozi ya simu wenyewe waliona kwamba sehemu ile ya mwisho haiwezi kupita kwenye simu. Mtu akikuuzia cheti cha fundi umeme bila kukuona umeshika waya, muage kwa heshima.

Ukishakuwa na cheti na daftari, maombi ya leseni EWURA hufanywa kwa mtandao. Utaweka vyeti, maelezo ya kazi zako na uthibitisho wa uzoefu. Omba daraja linalolingana na kazi unazofanya kweli, za nyumba za kawaida, usikimbilie la juu. Na siku utakapogonga mhuri wako mwenyewe kwenye fomu ya mteja, usije ukamgongea kijana mwingine nyumba ambayo hukuingia.

Mama, mimi nina duka la vifaa vya umeme hapa Mbeya. Nimechoka kuuza vitu nisivyovijua. Nimesoma kozi mbili za umeme kwenye intaneti, za Kiingereza, nimemaliza na nimepewa vyeti, nimevichapisha na kuviweka kwenye fremu. Mafundi wanaokuja dukani wananicheka. Je, vyeti hivi vinatambulika? Na mwanamke wa miaka 38 anaweza kuanza?

Mdogo wangu, nianze na la mwisho, maana ndilo lililoniuma. Unaweza. Umeme haukagui nani ameushika. Kazi nzito ya mwili kwenye wayaringi ni kutindua na kuvuta kebo nene, na hata wanaume huvuta wawili wawili. Sehemu ngumu hasa ni kufikiri na kupima, na huko umeshaanza.

Vyeti vyako kwa ajili ya leseni havitakusaidia. Vibaki kwenye fremu, umevitolea jasho, lakini havitambuliki kama sifa ya fundi umeme hapa nchini. Ulichokisoma, hata hivyo, hakipotei, na nakuhakikishia kwamba baadhi ya hao wanaocheka hawakijui.

Chukua mfano wa dukani kwako. Mteja ananunua hita ya kuogea ya maji ya papo kwa papo, imeandikwa wati 5,500. Gawanya kwa volti 230 unapata karibu ampea 24. Fundi anakuomba kebo ya 2.5 na sakiti breka ya ampea 20, kwa sababu ndivyo alivyozoea kwenye soketi. Breka inaweza kuwa inajikata mtu akiwa na sabuni mwilini. Wiki ijayo anarudi dukani, anaomba breka ya 32 aweke badala ya ile “mbovu”. Sasa breka haijikati tena, lakini kebo ya 2.5 iliyo ndani ya bomba ukutani haimo tena kwenye ulinzi wake: itapata moto na breka itanyamaza. Ilitakiwa saketi ya peke yake, kebo ya milimita 4 au zaidi kutegemea urefu wa njia na joto la mahali, breka inayolingana na kebo hiyo, na swichi ya kukata umeme unaovuja, ile ya miliampea 30. Hesabu hiyo yote unaweza kuijua ukiwa umekaa nyuma ya kaunta. Vivyo hivyo kanuni ya Ohm, alama za kwenye ramani, rangi za waya za zamani na za sasa (nyumba za zamani utakuta nyekundu na nyeusi, mpya ni kahawia na bluu), na jinsi volti zinavyopungua kebo ikiwa ndefu. Soma hayo kwa mbali kadiri unavyoweza, na usimlipe mtu hela nyingi kwa ajili yake.

Usichoweza kukijua kwa kioo cha simu ni kwa mfano jinsi skrubu ya terminali inavyokazwa ikatosha bila kukata nyuzi za shaba. Au kupima: unazima, unafunga pasiwashwe na mtu, unajaribu testa yako kwenye umeme unaoujua, unapima pale unapotaka kugusa, kisha unaijaribu testa tena kuona kama bado inafanya kazi. Ukiisoma, ni hatua rahisi. Mikono huisahau siku ya haraka, isipokuwa imezoezwa mbele ya mtu anayekukatalia kila unaporuka hatua. Mega nayo ni hivyo hivyo. Unapeleka volti 500 kwenye waya za nyumba ambayo haijawashwa na unataka kuona megaohmu moja au zaidi, na kwa wayaringi mpya utataka iwe juu zaidi ya hapo kwa mbali. Ukipata 0.3, ni lipi kati ya mabomba yote lenye shida? Hapo unajifunza kwa kutafuta, saketi moja baada ya nyingine, na mtu mzoefu pembeni.

Na wewe una bahati ambayo wengine hawana. Msimamizi wako anakuja dukani kila wiki. Angalia daftari lako la mauzo: nani akinunua vifaa vya nyumba nzima hununua pia nondo ya athi na swichi ya miliampea 30 bila kukumbushwa? Nani anakataa kebo ya bei rahisi inayosema ni shaba na ukiikwangua si shaba tupu? Huyo ndiye mwalimu wako. Muulize kama ana leseni, mwombe Jumamosi na Jumapili uende naye saiti, umlipe kwa punguzo la vifaa kama hataki fedha. Kisha jiandikishe kozi ya jioni ya NVA, kwa swali lile lile nililompa kijana wa Kahama. Duka uwe unalifunga mapema siku za darasa. Mafundi wanaocheka watakusubiri, maana kebo wanaitaka.

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mtu wa Pangani, sasa niko Leicester, Uingereza, naendesha gari la kupeleka vifurushi. Nyumbani nilisoma VETA umeme na nikafanya kazi miaka minne. Hapa kuna kampuni wananiambia kwa wiki chache na pauni elfu kadhaa nitakuwa “fundi umeme kamili”, nadharia yote nasoma nyumbani. Ni kweli?

Marahaba baba. Usitie sahihi kwanza.

Uingereza jina la fundi umeme halilindwi na sheria, mtu yeyote anaweza kujiita. Ndiyo maana matangazo kama hayo yanapita. Lakini waajiri na saiti kubwa huangalia kadi ya dhahabu ya ECS, kitambulisho cha ujuzi cha mafundi umeme, na ili uipate unatakiwa uwe na NVQ (cheti cha ujuzi wa kazi) ya Level 3 au sifa inayolingana nayo, mtihani wa vitendo unaoitwa AM2, na cheti cha BS 7671, yaani kanuni za ufungaji umeme za huko. Wiki chache hazikufikishi hapo.

Tazama kila kipande kwa jicho la mtu mwenye kazi nyingine. Kanuni za BS 7671, toleo la 18 lililotoka 2018 na kurekebishwa tangu hapo, unaweza kuzisoma nyumbani kabisa. Mtihani wake ni wa kuchagua majibu kwenye kompyuta na unaruhusiwa kuingia na kitabu, kwa hiyo jizoeze kupata ukurasa haraka. Kozi za Level 2 na Level 3 za City & Guilds au EAL, taasisi za huko zinazotoa vyeti, hufundishwa jioni kwenye vyuo vya serikali vya miji mingi, na zina siku za karakana. Watu wengi huishia hapo, wana vyeti viwili vizuri, na bado si mafundi kamili, kwa sababu NVQ inadai ushahidi wa kazi halisi kwenye saiti halisi: picha, michoro, majibu ya vipimo, mtu aliyeona. Tena yule msimamizi. Kampuni iliyokupigia simu haikupi kazi, inakupa darasa. Waulize kwa maandishi: ushahidi wangu wa NVQ nitaukusanyia wapi, na nani atanisimamia? Utaona jibu.

Kwako wewe naona milango miwili bora. Mmoja ni uanagenzi. England haina ukomo wa juu wa umri kwa wanagenzi, na unalipwa ukijifunza, ingawa mshahara wa mwanzo ni mdogo na mwenye familia lazima apige hesabu kwanza. Wa pili ni kutafuta kazi ya msaidizi kwa mkandarasi, uache vifurushi hata kama ni kwa siku tatu za wiki mwanzoni, na usome jioni. Ipo pia njia ya wazoefu, ambayo inaishia kwenye AM2E badala ya AM2, lakini imewekwa kwa watu waliofanya kazi hiyo kwa miaka na wanaojua kanuni za huko. Miaka minne ya Tanga italeta nguvu ukiwa umeongezea kazi ya Uingereza juu yake. Mwombe mwajiri wako wa zamani akuandikie barua leo, akiwa bado anakukumbuka, na VETA wakupatie uthibitisho wa cheti.

Faida unayo. Sisi pia tunatumia volti 230, hezi 50 na plagi za miguu mitatu ya mraba kama wao, kwa hiyo soketi zao hazitakushangaza. Kitakachokushangaza ni vipimo na karatasi zake. AM2 ina sehemu nzima ya kukagua, kupima na kujaza vyeti, na nyingine ya kutafuta hitilafu, na unaanza kwa kuonyesha kwamba unajua kuzima na kuthibitisha hakuna umeme. Fundi hodari wa mkono anaweza kuangushwa na fomu. Zoea kuandika kila kipimo tangu sasa.

Salaam aleikum Mama. Mimi ni wa Likoni, nafanya kazi ya ulinzi usiku kwenye hoteli upande wa kaskazini mwa Mombasa. Shule niliachia darasa la nane. Mchana naenda na binamu yangu kwenye kazi zake za kufunga stima. Nimeambiwa bila kidato cha nne siwezi kusajiliwa popote. Kweli?

Waaleikum salaam mwanangu. Si kweli. Kenya mnayo njia iliyo wazi hasa kwa mtu kama wewe, nayo ni majaribio ya ufundi ya serikali yanayosimamiwa na NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani. Unaanza Gredi ya III, unapanda ya II, kisha ya I. Wanakupima kazi, unaifanya kwa mikono na unajibu maswali yake. Kati ya gredi moja na nyingine unaendelea kufanya kazi, na hapo ndipo binamu yako anahitajika, kama naye ana leseni. Leseni za ufungaji stima hutolewa na EPRA, mamlaka iliyokuja na Sheria ya Nishati ya 2019, na madaraja yake yanaanza chini na C2. Muulize binamu yako ana lipi. Kama hana lolote, mpende kama ndugu lakini usimhesabu kama msimamizi.

Kuna jambo la usalama lazima niliseme. Mtu aliyekesha langoni hapaswi kupanda ngazi saa tatu asubuhi kushika waya. Lala kwanza, nenda naye alasiri, au chagua siku zako za mapumziko. Usingizi na umeme vimeua watu hodari.

Nadharia ya Gredi III si nzito. Usiku langoni, palipotulia, unaweza kusoma nusu saa kuhusu saketi za taa, soketi, athi na hesabu za ampea. Kiingereza cha mtihani kikikusumbua, jifunze kwanza majina ya vifaa na vipimo, hayo ndiyo yanayojirudia.

Lakini mimi ningeanza hapo hapo hotelini. Hoteli kubwa huwa na idara ya matengenezo, na ndani yake mara nyingi yuko fundi wa stima aliyesajiliwa, anayeshughulikia jenereta, pampu za maji, viyoyozi na taa za bustani. Huyo ana karakana na vipimo ambavyo binamu yako hana. Mwendee, mweleze unachotaka, mwombe akuruhusu umsaidie saa mbili kabla ya zamu yako. Akishakuona unafika kwa wakati, mwandikie meneja kuomba uhamisho wa kwenda idara ile, hata kama mshahara hautapanda. Ukikubaliwa, hakikisha barua mpya ya kazi imeandikwa “msaidizi wa fundi wa stima”, na isibaki “mlinzi” kwa sababu tu ofisi imeona uvivu wa kubadilisha. Ifanyie nakala, kwa sababu siku ya kujiandikisha Gredi ya II utaulizwa umekuwa ukifanya kazi gani.